Windows 11 kwenye HP EliteBook 840 G3 isiyokubaliwa: draiva zitafutwe kabla au baada ya kuipiga?

MamaSteshenari (Mwanga, Kigoma)

Habari za kazi, ndugu zangu. Naomba ushauri kwa yeyote aliyekwisha kuifanya kazi hii kwa mikono yake.

Ninaendesha duka la steshenari hapa Mwanga. Tunachapa barua na mikataba, tunatoa nakala, tunawajazia watu maombi ya kazi na ya mikopo ya wanafunzi mtandaoni, na msimu wa harusi ukifika tunatengeneza kadi za michango. Laptopu ninayoitegemea ni HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, yenye prosesa ya Core i5-6300U, RAM ya gigabaiti 8 na SSD ya gigabaiti 256. Printa ni mbili, HP LaserJet P1102 ya wino mweusi na Epson L3110 ya rangi. Mfumo uliomo ni Windows 10 Pro, na kwa kweli haujanisumbua. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, wakati mimi kutwa nzima ninachomeka flashi za watu nisiowajua, nyingine zikiwa zimejaa virusi vya kila namna, na kwenye mashine hiyo hiyo ninafungua akaunti za wateja zenye namba zao za NIDA.

Nilipojaribu kupandisha kwenda Windows 11, nilijibiwa kwamba prosesa hii haikubaliki. Fundi mmoja wa hapa mjini anasema atanipigia Windows 11 hivyo hivyo, muda wa kunywa chai tu, na kwamba draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuviendesha vifaa kama Wi-Fi na spika, zitajitafuta zenyewe nikishaunganisha intaneti. Jirani yangu alipigiwa kwa namna hiyo. Laptopu ilirudi ikiwa haioni Wi-Fi, spika zipo kimya, na mwanga wa kioo haupungui wala hauongezeki. Alipoirudisha akaambiwa mashine yenyewe imezeeka, atafute nyingine.

Je, kizuizi hiki kinatokana na udhaifu wa kweli wa mashine, au ni uamuzi wa kampuni tu? Draiva za mashine ambayo mwenye mfumo ameikataa hupatikana wapi, na zitafutwe kabla ya kupiga Windows au baada yake? Tena nitaendelea kupata masasisho ya usalama, ambayo ndiyo sababu yenyewe ya mahangaiko haya?

FundiWaUjiji

Mama, habari za Mwanga. Nianze na jirani yako, kwa sababu kisa chake kinajibu nusu ya swali lako. Mwanga wa kioo usiopungua ni dalili kwamba picha inaendeshwa na draiva ya dharura ya Windows, ile inayojiandika Microsoft Basic Display Adapter. Picha inaonekana, lakini mfumo haujui namna ya kuuamuru mwanga. Spika kimya na Wi-Fi isiyoonekana ni ugonjwa ule ule. Fundi anaposema draiva zitajitafuta, anasahau kwamba zinajitafuta kupitia intaneti, na intaneti ya laptopu inapita kwenye Wi-Fi, ambayo nayo inasubiri draiva. Mashine ya jirani haijazeeka. Kazi iliachwa katikati.

Kuhusu kizuizi: tangu Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft inadai chipu ya kutunzia funguo za siri iitwayo TPM 2.0, inadai Secure Boot, yaani ulinzi unaozuia mfumo usiotambulika kuwaka, na kwa upande wa Intel inadai prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache za kizazi cha 7. Yako ni ya kizazi cha 6, kama tarakimu ya kwanza baada ya i5 inavyoonyesha. Hata hivyo prosesa iliyokataliwa na orodha si sawa na prosesa isiyoweza. Kuanzia toleo la 24H2, mfumo unahitaji amri mbili za prosesa ziitwazo SSE4.2 na POPCNT. Core 2 Duo za zamani hazina POPCNT, na kwa hizo hakuna ujanja, mfumo hauwaki kabisa. Yako inazo zote mbili. Kwa RAM hiyo na SSD hiyo, kazi za steshenari itazimudu.

Draiva zitafutwe kabla, tena kabla hata hujaanza kutafuta flashi. Windows 10 na Windows 11 zinatumia muundo mmoja wa draiva, na kwa sehemu kubwa draiva iliyotengenezwa kwa ajili ya 10 hufanya kazi kwenye 11. Maana yake ni kwamba draiva unazotaka kuzitafuta mbali umezikalia: ni zile zile zinazoiendesha laptopu yako leo. Chomeka diski ya nje, tuseme imepata herufi D, tengeneza ndani yake folda iitwayo draiva, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi, kisha andika:

dism /online /export-driver /destination:D:\draiva

Folda hiyo itajaa folda ndogo ndogo, na ndani ya kila moja utakuta faili la .inf, ambalo ndilo linaloieleza Windows kifaa ni kipi na faili zipi ziende wapi, pamoja na faili za .sys na .cat. Amri hii inachukua draiva zilizoongezwa na watengenezaji, yaani HP, Intel, Epson na wengineo. Zile zilizokuja ndani ya Windows yenyewe inaziacha, na Windows 11 inazo za kwake. Folda hiyo isikae kwenye diski C, kwa maana ndiyo itakayofutwa mambo yakienda kombo.

Ukishamaliza, fungua Device Manager, penye orodha ya vifaa vya laptopu, bonyeza mara mbili kadi ya Wi-Fi, nenda Details, chagua Hardware Ids, na upige picha kwa simu. Kama kadi yako ni Intel 8260, ambayo ipo kwenye 840 G3 nyingi, utasoma maandishi yanayoanza na PCI\VEN_8086&DEV_24F3. VEN ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. DEV ni kifaa chenyewe. Fanya hivyo hivyo kwa sauti na kwa kadi ya picha. Namba hizo ni za kuaminika kuliko stika iliyobandikwa chini ya laptopu, kwa sababu watengenezaji huuza modeli moja ikiwa na kadi za aina mbalimbali, na laptopu zetu hizi za mtumba nyingine zimekwisha kubadilishwa vifaa njiani. Ukiwa na VEN na DEV, hata draiva ikipotea utaitafuta kwa jina lake halisi kwenye tovuti ya HP au ya Intel. Programu zinazojigamba kukutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja usizikaribie. Nyingi zinakuletea matangazo na uchafu mwingine ambao hukuuomba.

Kwa kupiga yenyewe, pakua faili la ISO, yaani Windows nzima ndani ya faili moja, kutoka Microsoft, si lile linalozunguka mitaani ambalo limekwisha kuchezewa na pengine hata kinga yake ya virusi imezimwa. Lina zaidi ya gigabaiti 5, kwa hiyo tumia bando la usiku. Kisha tumia Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kupigia mfumo, kuiandaa flashi; ukibonyeza Start, itakuuliza kama unataka kuondoa masharti ya RAM, Secure Boot na TPM 2.0, nawe utaweka tiki hapo. Usiinakili ISO kwa mkono kwenye flashi yenye mpangilio wa FAT32, kwa sababu ndani yake mara nyingi kuna faili moja linalozidi gigabaiti 4, na FAT32 hailibebi. Rufus inalimaliza tatizo hilo yenyewe. Inaweza pia kuikagua flashi kabla ya kuandika, na hilo ninalisisitiza: madukani kwetu zipo flashi zilizoandikwa gigabaiti 64 ambazo ndani hazifiki hata 8, na mtu anaishia kuilaumu Windows bure.

Nakushauri usifute kila kitu. Fungua flashi hiyo ukiwa ndani ya Windows 10, endesha setup.exe, na uchague kubakiza mafaili na programu. Rufus kuanzia toleo la 4.6 inaruka ukaguzi hata kwa njia hii. Draiva nyingi zitahama pamoja na mfumo, Wi-Fi ikiwemo, na Windows ya zamani itahifadhiwa kwa siku 10 ndani ya folda ya Windows.old, ili ukitaka kurudi urudi. Siku 10 ni chache kwa duka. Mara tu ukiingia kwenye Windows 11 andika dism /online /set-osuninstallwindow /value:60 na utapewa siku 60, ambao ndio ukomo. Betri iwe imejaa, maana umeme wetu mnaujua.

Ikitokea kifaa kimebaki na alama ya njano, ndipo ile folda inapofanya kazi:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Kwa HP kuna jambo jingine la kujua. Vifurushi vya draiva kutoka tovuti yao, vinavyoanza na herufi sp na namba, wakati mwingine hukataa kwa kusema mfumo huu hautambuliki. Usikate tamaa hapo. Kabla ya kukataa, kifurushi huwa kimekwisha kujifungua ndani ya C:\SWSetup. Rudi Device Manager, chagua Update driver, uielekeze kwenye folda hiyo, na mara nyingi draiva inaingia bila ubishi, kwa sababu aliyekataa ni mlinzi wa mlangoni na wala si draiva yenyewe. Na ukikuta kifaa kisichojulikana chenye namba ACPI\HPQ6007, hicho ni kihisi cha mtikisiko kilichowekwa kuilinda diski inayozunguka. Wewe una SSD. Kiache.

MwalimuKasulu

Shikamoo mama, na heshima kwako fundi, maelezo yako yamekamilika. Mimi nina shaka na msingi wake tu. Mama ameuliza kuhusu usalama wa taarifa za wateja, na Microsoft yenyewe imekwisha kutamka kwamba kompyuta zisizotimiza masharti hazina haki ya kupata masasisho. Leo zinayapata. Kesho ni hiari ya mwenye mali.

Kwa laptopu ya umri huu mimi ningeanza na Linux Mint 22, mfumo mwingine wa kuweka badala ya Windows, ambao umejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na utahudumiwa hadi 2029. Uzuri wake kwa mtu mwenye hofu ya draiva ni kwamba unaweza kuijaribu bila kugusa diski. Unaiandaa flashi, unaiwasha laptopu huku ukibonyeza F9 ili uchague flashi, na mfumo mzima unafunguka ukiwa kwenye flashi hiyo hiyo. Hapo unapima Wi-Fi, spika, mwanga wa kioo na kamera. Kikifanya kazi pale kitafanya kazi baada ya kuisakinisha, kwa sababu draiva nyingi zimo ndani ya kiini cha Linux; hiyo Intel 8260 inatambuliwa mara moja. Wenye taabu ni wale wa Broadcom, ambao huhitaji kuongezewa kifurushi, na hata wao wakiunganisha simu kwa waya wa USB na kuiamuru itoe intaneti wanavuka salama.

Epson L3110 ina draiva ya Linux. P1102 inataka hatua moja zaidi: mfumo wa HP wa kuchapisha kwenye Linux, uitwao HPLIP, unaitambua lakini unadai programu-jalizi ya HP isiyo huru, ambayo inapakuliwa kwa amri ya hp-plugin. Bila hiyo printa itaonekana kwenye orodha na haitatoa hata karatasi moja, na wengi huishia kudhani imekufa.

Upungufu nautaja wazi, mama, kwa sababu najua kazi za steshenari. Barua na barua pepe hazina shida. Lakini mteja akileta faili la Word lenye majedwali na fonti za pekee, LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, italifungua na mistari fulani itaruka. Kama kadi zako za michango unazitengeneza kwa Publisher, LibreOffice Draw inafungua mafaili hayo, ila utatumia muda mrefu kuyapanga upya.

MnyamweziTabora

Sijaona sababu ya haraka yote hii. Mpo watu wawili mnaoshindana juu ya nyumba mpya wakati ile ya zamani bado ina bati. Microsoft imeweka mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Sharti ni kuwa na toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti hiyo hulipi kitu, vinginevyo ni dola 30. Hakuna draiva inayoguswa, hakuna printa inayonuna. Mama ajiunge leo, kisha ajifunze hayo mengine taratibu kwenye mashine ambayo haimlishi.

MamaSteshenari

Marahaba mwalimu, na asanteni nyote. Mnyamwezi, nimejiunga na mpango huo, kumbe kitufe kilikuwa pale pale kwenye Windows Update na sikuwa nimekiangalia. Lakini Oktoba haiko mbali, kwa hiyo naendelea kuuliza.

Kadi za michango tunazitengeneza kwa Publisher, na wateja wengi wanarudi na faili la mwaka jana ili libadilishwe majina tu. Kwa sababu hiyo Linux haitakaa kwenye mashine ya dukani, ingawa kuna laptopu ya pili ya kutolea nakala na kujazia fomu ambayo nitaipima kama mwalimu alivyoelekeza.

Fundi, nimetoa draiva kwa amri yako, folda imefika gigabaiti kama 2. Nimefungua pia msinfo32, ukurasa wa taarifa za mashine, na penye BIOS Mode, yaani namna mashine inavyowashwa, pameandikwa Legacy, si UEFI. Je, hilo ni kikwazo? Na leseni yangu ya Windows 10 Pro itahama, au nitadaiwa upya? Tena umeliacha lile swali la masasisho.

FundiWaUjiji

Mama, Legacy inamaanisha kwamba aliyekupigia Windows 10 alitumia mtindo wa zamani wa kuwasha na kugawa diski. Ukiwa umeruka ukaguzi, Windows 11 inaweza kuendelea hivyo hivyo, lakini mimi ningerekebisha kwanza, kwa sababu Secure Boot haiwezi kuwashwa katika mtindo huo, na duka linalochomeka flashi za watu linaihitaji. Hifadhi nakala ya mafaili yote kwanza. Kisha, ukiwa ndani ya Windows 10 kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikijibu kwamba ukaguzi umefaulu, rudia ukiweka /convert mahali pa /validate. Haifuti chochote, ila haikubali diski yenye migawo mikuu inayozidi mitatu. Zima, washa huku ukibonyeza F10, na kwenye mipangilio ya Secure Boot chagua kuzima Legacy na kuwasha Secure Boot. Usiwashe Windows kabla ya kubadilisha hapo. Itakuambia haioni diski, nawe utapata presha bure.

Leseni ya kidijitali inafungamana na ubao mama, na ya Windows 10 Pro inakubalika kwenye Windows 11 Pro bila malipo. Hilo ni kweli kwa leseni halali. Iliyowashwa kwa programu za mitaani ni jambo jingine, na programu hizo zenyewe ni mlango wa virusi kuliko flashi za wateja wako.

Masasisho sikuyaacha kwa kukwepa. Yale ya kila mwezi, yenye viraka vya usalama, mashine kama hizi zinaendelea kuyapokea kwa Windows Update kama kawaida, ingawa mwalimu yuko sahihi kwamba hakuna ahadi. Yanayokwama ni matoleo ya kila mwaka. Mashine iliyokataliwa haitaletewa toleo jipya. Utalipakua mwenyewe na kulipitisha kwa Rufus kama ulivyofanya mwanzo. Kwa hiyo usianze na 24H2, ambayo kwa Home na Pro inakoma Oktoba 2026. Chukua 25H2, iliyotoka Septemba 2025, na utakuwa na nafasi hadi Oktoba 2027. Andika tarehe hiyo ukutani karibu na printa, kwa maana Windows haitakukumbusha kwa namna utakayoielewa.

Bado kuna mtego mmoja. Ikibidi ufute na kuanza upya, kisha uingie kwa akaunti ya Microsoft, matoleo ya kuanzia 24H2 huweza kuifunga diski kwa usimbaji, isisomeke bila ufunguo, tena bila kukuuliza. Ingia kwenye akaunti yako mtandaoni, tafuta ufunguo wa kurejesha, uuandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Siku fundi akigusa BIOS, laptopu inaweza kukudai tarakimu 48 mbele ya foleni ya wateja.

Na kama utampa kazi huyo fundi wa mjini, mpelekee flashi yako na folda yako ya draiva. Usimlipe kabla hujaona, mbele yako, Wi-Fi inaunganika, sauti inatoka, mwanga wa kioo unapanda na kushuka, laptopu inalala na kuamka, na P1102 imetoa ukurasa wa majaribio.